Kanisa la Wies na Wakulima Wake

Chini ya milima ya Alps, katika jimbo la Bavaria kusini ya Ujerumani, liko kanisa la hija liitwalo Wies. Neno hilo lina maana ya malisho, na jina lalistahili kanisa hilo, kwani limesimama kondeni, mbali na mji. Wanahistoria wa sanaa hulihesabu miongoni mwa majengo bora ya mtindo wa Rokoko, ambao ni tawi la mwisho la Baroki. Lakini asili yake haikutoka kwa wafalme wala maaskofu.

Mwaka 1730 watawa wa abasia ya Steingaden walitengeneza sanamu ya Kristo aliyepigwa mijeledi, ili ichukuliwe katika maandamano ya Ijumaa Kuu. Iliungwa kwa vipande vya mbao, na maungio yakafunikwa kwa kitani. Mwaka 1734 iliondolewa katika maandamano, ikawekwa kando. Mwaka 1738 mke wa mkulima, Maria Lory, aliitwaa nyumbani kwake. Na tarehe 14 Juni ikasemwa kwamba machozi yameonekana usoni mwa sanamu. Habari zikaenea, mahujaji wakamiminika, na kikanisa kilichojengwa mwaka 1740 kikawa hakiwatoshi.

Ndipo abasia ilipomwita Dominikus Zimmermann, mjenzi na stadi wa nakshi za lipu. Kazi ilianza mwaka 1745 ikamalizika mwaka 1754. Ukumbi una umbo la yai. Nguzo zake nyeupe zimesimama mbili mbili, na dari ni ya mbao iliyopigwa lipu, ingawa mtazamaji huidhania mawe. Katika dari hiyo Johann Baptist, kaka yake mjenzi, alimchora Kristo juu ya upinde wa mvua, hali kiti cha hukumu kingali kitupu.

Mwaka 1803 serikali ya Bavaria ilizifuta nyumba za watawa, na kanisa likakusudiwa kuuzwa au kubomolewa. Waliolitetea ni wakulima wa jirani, likasalimika. Mwaka 1983 UNESCO ililiandika katika Urithi wa Dunia.

Basi mara mbili kilichoachwa na wenye mamlaka kilipokewa na wakulima: kwanza sanamu, kisha jengo. Aandikaye historia ya sanaa kwa majina ya mafundi na wafadhili peke yao ataeleza jinsi kanisa hili lilivyojengwa. Hataeleza kwa nini lilijengwa, wala kwa nini lipo hata leo.