Kinanda cha ESP32: Usitume Sauti, Tuma Noti
Umejitengenezea kinanda na ESP32 hapo Sultan Hamud, na unaogopa kukiunga na laptop kwa WiFi kutamaliza bundles? Tulia. Hakitumi sauti, kinatuma MIDI: baiti tatu kwa kila noti, yaani amri na chaneli, noti gani (do ya katikati ni 60), na umegonga kwa nguvu kiasi gani. Hotspot ya simu inatosha, hata bila bundles.

Njia ni RTP-MIDI, port 5004 na 5005. Mac iko nayo tayari, Windows unaweka rtpMIDI.

Noma ni WiFi ikimeza amri ya kuachilia noti. Inalia tu, na uko katikati ya benga mbele ya wasee. Weka kitufe cha kutuma kontrola 123, inazima noti zote. Itume mara mbili, nayo pia inaweza potea.