Kamba Iliyokatika

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wadogo zetu mliopo madarasani, najua mtashangaa kumwona mtu wa Nyabiyonza, aliyekulia kwenye migomba na ng'ombe, akiandika habari za matanga. Lakini chombo cha tanga kilifika Karagwe zamani. Mwezi Machi 1876 Stanley, akiwa mgeni wa Mukama Rumanyika, aliishusha mashua yake, Lady Alice, katika ziwa dogo ambalo Speke alikuwa ameliita Windermere, ikashindana mbio na mitumbwi ya Mukama. Mashua hiyo ya futi 40 ilikuwa imefunguliwa vipande vitano na kubebwa na wapagazi kutoka pwani. Mwaka mmoja kabla, kisiwani Bumbire, wenyeji waliwanyang'anya mabaharia wake makasia. Wakang'oa mbao za ndani ya mashua na kupigia kafi hadi wakaokoka.

Niliposoma kisa hicho chuoni nilijiuliza: katika chombo, ni kitu gani hufa kwanza? Jibu nililipata mwaka 2008, nikiwa mtumishi mpya wa serikali, nikisafiri kwa jahazi kutoka Kisiju kwenda Mafia. Kaskazi ilikuwa ikivuma sawasawa. Ghafla henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, ilikatika. Foromali ikaanguka na tanga lake, likatufunika abiria wote. Mimi nisiyejua kuogelea (mtoto wa milimani!) nilidhani tumekwisha zama. Tulipotolewa, kijana mmoja alikuwa amevunjika mkono. Mlingoti ulikuwa mzima. Tanga lilikuwa zima. Kamba ya nailoni, mpya kwa kuitazama, ndiyo iliyotuangusha.

Nahodha, mzee wa makamo, aliitazama ncha yake akanionyesha. Ilikuwa imeliwa pale inapopita kwenye kapi, mahali pasipoonekana tanga likiwa juu. "Mwanangu," aliniambia, "ilikuwa inang'aa, ndiyo maana sikuikagua." Wakaifungua kamba ya nanga, wakaifanya henza, tukafika Kilindoni usiku.

Tangu hapo nimezidadisi kamba. Wazee wa pwani walitumia kamba ya makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni kwenye maji ya chumvi kwa miezi, kisha akina mama huyaponda na kusokota nyuzi zake. Haina nguvu ya nailoni, lakini huivumilia chumvi, nayo ikichoka huonyesha: nyuzi zake husimama kama nywele. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba hizo bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa miaa. Mkeka ukichanika, hushonwa papo hapo. Katani, ambayo Mjerumani Hindorf aliileta nchini mwaka 1893, ina nguvu zaidi. Ila ikilowa na kukauka mara kwa mara huoza kwa ndani, na nje ikabaki nzuri. Nailoni haiozi, lakini jua huidhoofisha na msuguano huila. Hata watalii wa Paje, wenye vibao vya tanga, hulalamika kwamba matanga yao ya plastiki hupasuka kwa sababu ya jua.

Wala mti nao si salama daima. Mwaka 1980 Mwingereza Tim Severin aliondoka Maskati kwenda China kwa chombo kilichoshonwa kwa kamba ya makumbi, kiitwacho Sohar. Baina ya Sailani na Sumatra foromali lake kubwa likavunjika. Mshono wa makumbi, ambao wengi wangeutilia shaka kwanza, ulishika hadi Canton, Julai 1981.

Kipande cha henza ile niliombwa nikitupe, nikakataa. Kimo mezani kwangu ofisini, upande mmoja unang'aa, upande wa pili umeliwa. Nitakuja nacho kwenye mkutano wetu, wanafunzi wakishike kwa mikono yao.