Kadi ya Faranga 500

Wiki iliyopita baba mmoja anayefikiria kurudi Rumonge alitusimamisha bombani akauliza: "Huko nyumbani mtoto akiugua, nani atalipa?" Mtoto wake ana miaka 7. Kumjibu, inabidi turudi nyuma.

Mwaka 1984 serikali ya Burundi ilianzisha kadi ya bima ya ugonjwa, ile ambayo wazee wetu wanaiita CAM. Kaya ilitoa faranga 500 kwa mwaka. Hata mvuvi wa dagaa au mkamua mawese aliweza kuzipata. Vita vilipoanza 1993 kadi ikapoteza nguvu. Mtu anayo mkononi, dawa hakuna. Wazee hapa kambini bado wanaitaja kwa uchungu, kama deni ambalo halijalipwa.

Mwaka 2002 ukaja utaratibu wa mgonjwa kulipia gharama mwenyewe. Hapo ndipo aibu kubwa ilipotokea: asiyelipa alizuiwa hospitalini. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2006 ilieleza juu ya wagonjwa hao, wakiwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Umepona, lakini hutoki. Mimi nimekulia kambini, sijawahi kuulizwa pesa zahanati, na nilipoisoma habari hiyo nilidhani nimekosea kusoma.

Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa wanaojifungua. Watu wakafurika vituoni, wauguzi wakaelemewa. Tangu 2010 serikali na wafadhili wanavilipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika. Mwaka 2012 kadi ikarudi, safari hii faranga 3,000 kwa kaya, mgonjwa akibaki na asilimia 20 ya gharama.

Kwenye foleni zetu mawazo yanagawanyika. Vijana wanasema kila kitu kiwe bure. Wazee wanasema ni heri kulipa kidogo, mradi dawa iwepo. Mimi nawaelewa wazee: walishalipa, wakakosa.

Basi baba, mtoto wako amepita umri wa bure. Ukifika, ulizia kadi kabla hajaugua, na uliza pia kama dawa zipo kituoni.