Kuangukiwa na Kuishiwa

Kila Januari, Rali ya Dakar inapoanza kule Saudi Arabia, kurasa zetu za michezo hurudia kichwa kilekile: "mbio hatari zaidi duniani". Mwezi hauishi, inakuja picha ya motokrosi, pikipiki iko angani na mwendeshaji amesimama juu ya vikanyagio vyake, na maelezo chini yake ni "mchezo hatari". Sarufi ya mhariri haina dosari. Ila ametumia neno moja kwa mambo mawili yasiyojuana, na msomaji anabaki akijua tu kwamba huko watu huumia.

Neno lenyewe limechoka. Hatari tulilipata kwa Waarabu zamani, na mwaka 1962 lilifika hadi Hollywood likiwa na alama yake ya mshangao, likawa jina la filamu ya Howard Hawks iliyopigwa Tanganyika, John Wayne akifukuza vifaru. Vijana wa leo nao wamelipindua. "Jamaa ni hatari" maana yake ni fundi, hashikiki. Kwa hiyo mtu akiniandikia "mwendesha pikipiki hatari", siwezi kujua kama ananionya au anamsifu mtu wake. Tukihamia ajali hatupati nafuu. Katika Kiswahili cha wazee, ajali ni siku ya mtu iliyokwisha kupangwa, na katika Kiswahili cha trafiki ni magari mawili yaliyogongana. Yote mawili hayatuelezi jangwani kuna nini.

Wanaounda istilahi wana desturi ya kuwinda nomino. Wanakusanya orodha ya maneno ya kigeni, kisha kila moja wanalitafutia jina. Kwa vifaa njia hiyo inafaa: kabureta ni kabureta, nani atabishana? Lakini hatari si kifaa. Ni jambo linalompata mtu, na Kiswahili kina namna yake ya kusema mambo yanayompata mtu, kauli ile ambayo mwalimu wa sarufi alituandikia ubaoni: anguka, angukia, angukiwa. Isha, ishia, ishiwa. Haribika, haribikiwa. Mtu aliyeharibikiwa hakuvunja kitu. Kitu kimemvunjikia mkononi, na shida ni yake. Nikizitazama mbio hizi mbili kwa jicho hilo, naona motokrosi ni mchezo wa kuangukiwa, na mbio za jangwani ni mchezo wa kuishiwa.

Tuanze na motokrosi, ambayo si ngeni kwetu. Nairobi inachezwa Jamhuri Park, Uganda inachezwa Busiika, na watoto wadogo huingia uwanjani na pikipiki za ukubwa wao. Jina ni la kuunganisha, nusu motosikleti ya Kifaransa, nusu mbio za nyika za Kiingereza. Waingereza walioendesha shindano la namna hii Camberley, Surrey, mwaka 1924, waliliita kwa neno lenye maana ya kugombania, na kwa kweli lilikuwa na haki zaidi kuliko hili lililoshinda. Katika mbio za ubingwa wa dunia, pikipiki hadi 40 hupangwa mstari mmoja mbele ya vizuizi vya chuma. Vizuizi vikilala, wote wanafyatuka kuelekea kona moja. Upana unaowatosha 40 pale mwanzoni hauwatoshi hata 10 pale konani. Anayeanguka wa kwanza hana muda wa kujua ameanguka. Wenzake wako juu yake.

Wakipita kona hiyo, wanafika kwenye miruko. Mruko wa motokrosi ni kilima cha udongo kilichochongwa makusudi, na ubaya wake mkubwa haumo katika urefu wa kupaa. Umo katika kutoona. Mwendeshaji anayepanda upande huu haoni kilichoko upande wa pili. Ikiwa aliyemtangulia ametua vibaya na amelala palepale mahali pa kutulia, pikipiki ya kilo 100 na zaidi inamjia kutoka angani, na aliye juu yake hana breki, maana tairi halishiki hewa. Ndiyo sababu husimama mtu mwenye bendera ya njano pembeni ya mruko, na ndiyo sababu bendera hiyo ikipeperushwa hairuhusiwi kuruka wala kupita mtu. Mtu huyo aghalabu ni wa kujitolea, amekaa juani tangu asubuhi, na uti wa mgongo wa kijana asiyemjua uko mikononi mwake.

Kiingereza kinahitaji sentensi nzima kueleza jambo hilo. Sisi tunalo neno moja, kuangukiwa, na hatulitumii. Tunaandika "alipata ajali", kana kwamba ajali ilikuwa imewekwa pale akaiokota. Tofauti kati ya aliyeanguka na aliyeangukiwa ni kubwa hospitalini, na kwa wenye mashindano ni kubwa zaidi, kwa sababu aliyeanguka huenda alikosea mwenyewe, lakini kwa aliyeangukiwa lazima tuulize bendera ilikuwa wapi.

Nisieleweke kwamba kuanguka peke yako ni jambo jepesi. David Bailey, bingwa wa Marekani, alianguka mwaka 1987 na hakutembea tena. Daktari wa Afrika Kusini, Chris Leatt, alibuni kinga ya shingo baada ya kushuhudia kifo cha mwendeshaji mwenzake mwaka 2001, na leo kinga za namna hiyo zimeenea viwanjani. Mifupa ya mabega, vifundo vya mikono, magoti: hiyo ni kodi ya kawaida ya mchezo huu. Lakini gari la wagonjwa liko pale pale. Uwanja wenyewe haufiki kilomita 2 kwa mzunguko, mbio ni dakika 30 na mizunguko 2 ya nyongeza, na mama wa kijana anaweza kuwa amesimama kwenye uzio.

Jangwani hakuna uzio.

Na hapa msamiati wetu unayumba, kuanzia kwa mchanga wenyewe. Watafsiri wengi huandika "matuta ya mchanga". Tuta kwa Mtanzania ni lile la barabarani linalovunja springi za daladala, au lile la viazi vitamu. Ukiliita hivyo rundo la mchanga lenye kimo cha ghorofa 30, umemdanganya msomaji kabla hujaanza kumsimulia. Afadhali vilima vya mchanga, kama wanavyosema watu wanaovijua wale wa Shela, Lamu. Tanzania nako, karibu na Olduvai, kuna kilima cheusi cha majivu ya volkano ambacho upepo hukisogeza mwaka hadi mwaka, na watu wamekiita mchanga unaohama. Jina zuri. Linatuambia kwamba kilima cha jangwani si mahali, ni mwendo.

Kilima hicho kina pande mbili, na hapo nafurahi kusema hatuhitaji kukopa. Mabaharia wa majahazi wana joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande upepo unakokwenda. Upepo huisukuma chembe ya mchanga kutoka joshini, polepole, na mteremko wa upande huo huwa mrefu, umelala, umeshindiliwa. Chembe ikifika juu hudondokea demani, na upande huo ni mkali na mlegevu. Mwendesha pikipiki anayepanda joshini anahitaji kasi, maana akilegeza mkono tairi la nyuma linazama. Akifika ukingoni anahitaji kupunguza, ageuze pikipiki kiubavu, achungulie demani kukoje. Mambo hayo mawili yanapingana, na ana sekunde moja ya kuyapatanisha. Saa sita mchana ni mbaya zaidi: jua liko utosini, kilima hakina kivuli, joshini na demani zinafanana rangi, na ukingo hauonekani mpaka uko chini ya tairi. Mabaharia wangeona ajabu kusikia maneno yao yako Saudi Arabia juu ya Yamaha, lakini upepo ni upepo.

Nakiri kwamba hapa mgawanyo wangu unavuja kidogo, kwani magari na malori ya mashindano huja nyuma ya pikipiki, na yanaweza kuibuka ukingoni huku mwendesha pikipiki amekwama chini. Huko nako kuna kuangukiwa. Ndiyo maana hufungwa kifaa cha kupiga kelele kumwonya aliye mbele.

Kisha kuna feshi-feshi. Neno hili limekuja na Sahara, na madereva wa Safari Rally wamelizoea pale Naivasha: vumbi laini kama unga, lililolala juu ya mashimo na mawe likionekana ardhi thabiti. Nimeona watu wakipendekeza tulitafutie neno "la Kiswahili". La nini? Lugha iliyozaa pikipiki na kulea bodaboda inajua kumpokea mgeni anayejirudia namna hiyo. Liandikwe feshi-feshi, liendelee na kazi.

Turudi kwenye kuishiwa. Rali ya Dakar ilizaliwa na mtu aliyepotea. Thierry Sabine, Mfaransa, alipotea na pikipiki yake katika Sahara mwaka 1977 wakati wa rali ya Abidjan hadi Nice, akaokolewa, na badala ya kuapa kutorudi akaanzisha mbio zilizoondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978. Mwaka 1986 alikufa Mali katika ajali ya helikopta, pamoja na mwimbaji Daniel Balavoine na wengine watatu. Mwaka 1982 Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa Uingereza, alipotea siku 6 kabla ya kuonekana. Siku hizi setilaiti inamfuata kila mmoja na kuna kitufe cha dharura, hivyo kupotea kwa namna ile kumepungua. Kuishiwa kumebaki: kuishiwa maji, petroli, nguvu, mchana.

Mwaka 2015 mwendeshaji kutoka Poland, Michał Hernik, alikutwa amekufa Argentina, enzi zile mbio zilipokuwa Amerika Kusini. Joto ndilo lililomzidi. Gazeti likiandika "ajali ya Dakar" kwa kifo kama hicho linamkosea, kwa sababu hakuwa amegongwa na kitu. Alizidiwa. Neno hilo kila mtu analijua, tunalisema kila siku kuhusu wagonjwa wetu, na lilikuwa likisubiri tu kuitwa.

Kilomita ndizo zinazofanya kazi hiyo. Siku moja ya Dakar inaweza kupita kilomita 400 za kushindana, na mwendeshaji anaongozwa na kitabu cha njia kinachofungwa mbele ya usukani. Ndani ya kitabu hicho hatari huandikwa kwa alama za mshangao: moja ni angalia, mbili ni punguza, tatu ni hapa unaweza kufa. Napenda uchumi wa alama hizo. Lakini hakuna alama ya kuishiwa. Mchoraji wa kitabu anaweza kukuonyesha korongo la kilomita ya 212, hawezi kukuonyesha kwamba ukifika hapo akili yako itakuwa nzito na macho yako yatasoma alama tatu kama mbili.

Mwaka 2024 waandaaji waliwapeleka washindani Rub' al Khali, jina ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anaweza kulifungua nusu: robo tunaijua tangu darasa la kwanza, na iliyobaki ni tupu. Hatua hiyo ilikuwa ya saa 48. Ilipofika saa 10 jioni, kila mshindani alilala kwenye kambi aliyoifikia, bila timu ya mafundi wake. Ukiharibikiwa, umeharibikiwa.

Na sheria moja ya jangwani haimo motokrosi. Paulo Gonçalves wa Ureno alipoanguka tarehe 12 Januari 2020, Toby Price, mtu aliyekuwa ameshinda mbio hizo mara 2 na alikuwa akizitafuta tena, alisimama akamhudumia mpaka msaada ulipofika. Gonçalves alifariki. Motokrosi ukisimama katikati ya uwanja kumsaidia mwenzako, unaongeza idadi ya watakaoangukiwa. Wapo wahudumu wa kazi hiyo. Jangwani, aliye nyuma yako ndiye hospitali yako ya kwanza.

Ipi ni hatari zaidi, basi? Swali lenyewe lina neno bovu, lakini nitalijibu. Motokrosi inavunja watu wengi zaidi, tena mapema zaidi maishani, na mzazi anayemnunulia mtoto pikipiki ajue hivyo. Mbio za jangwani humkuta mtu mzima aliyechagua, lakini zikimkuta vibaya msaada uko mbali, na umbali huo ndio unaogeuza jeraha la kawaida kuwa msiba. Mimi ningeogopa zaidi jangwa. Lakini kama ningekuwa mratibu wa michezo wa wilaya, ningelipigania kwanza suala la watu wa bendera.

Kwa wahariri wa michezo nina ombi dogo. Januari ijayo, kabla ya kuandika "mbio hatari", mwulizeni mwandishi wenu mtu huyo alipatwa na nini: ameanguka, ameangukiwa, amezidiwa, ameishiwa au ameharibikiwa. Akijua, habari ataiandika yenyewe. Asipojua, mrudisheni akaulize.