Toroli la Mombo
Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Mjomba na mpwa wake, Wazigua wawili walioandikishwa na jumbe wao kwenda kusukuma matoroli ya Mdachi, walikuwa Mkalamo, kando ya mto Pangani, Juni 9, 1916, risasi zilipoanza kufyeka majani juu ya vichwa vyao. Toroli lilipinduka. Mjomba alikuwa chini yake.

SASA ENDELEA...

Mjomba hakufa. Toroli lilimlalia mguu wa kulia, na kifundo kikavimba mpaka ngozi ikang'aa. Kijana alimvuta akamwingiza kichakani, akakaa naye hadi giza lilipoingia na bombom, zile bunduki za rashasha, zikanyamaza. Usiku ule Wadachi waliacha mahandaki yao wakarudi nyuma, kama walivyofanya Kahe mwezi Machi na karibu na Buiko mwishoni mwa Mei. Walipigana saa chache, wakaua, wakaondoka.

"Mjomba, tukimbie sasa hivi. Nyumbani si mbali."

"Nikimbie na mguu gani? Nenda wewe."

Kijana hakwenda. Alfajiri shaushi, sajini wa askari wa Mdachi, aliwakuta palepale, akawapiga viboko viwili viwili, akawarudisha kwenye msafara wa Handeni.

Boma la Handeni lilikuwa limejaa kama soko lililokimbiwa na wachuuzi: magunia ya mtama, masanduku ya risasi, mapipa, vyuma vya reli vilivyong'olewa. Kila kitu kilikuwa kinasubiri kichwa cha mtu.

Hapa nimwombe msomaji uvumilivu kidogo. Wadachi walikuwa na reli mbili katika nchi hii. Ya Usambara ilitoka Tanga, ikafika Korogwe mwaka 1902, na miaka kama kumi baadaye ikawa imefika Moshi. Reli ya Kati ilitoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Kati ya reli hizo mbili hapakuwa na kitu ila pori, mbung'o na njia za miguu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokolea wakatandika kijireli chembamba kutoka Mombo hadi Handeni. Injini hawakuwa nazo za kukipa, hivyo watu ndio waliosukuma. Kutoka Handeni kwenda Morogoro, mzigo ulipanda kichwani.

Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 hivi. Akila karibu kilo moja ya nafaka kwa siku, piga hesabu mwenyewe: wiki ya nne haiishi kabla hajala mzigo wake wote, na askari aliyeko mbele hajaonja hata punje. Vitabu vingi vinamsifu Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wadachi, kwa ujanja wa kurudi nyuma bila kushikwa. Sibishi. Ila ujanja huo ulikaa juu ya shingo za watu, na sioni shingo hizo zikitajwa ipasavyo. Upande wa pili nao haukuwa na nafuu. Jenerali Smuts, Kaburu aliyeongoza jeshi la Waingereza, alikuwa ameyatangulia magari yake ya chakula, farasi zake wakifa kwa mbung'o na askari wake wakila nusu ya posho. Siku aliyokuwa akiikaribia Buiko, Mei 31, meli za Uingereza na Ujerumani zilikuwa zinabomoana baharini huko Jutland. Ulaya ilihesabu meli na mizinga. Huku Uzigua palihesabiwa vichwa, na hata yule karani wa boma aliyeandika majina hakuuliza mtu ana umri gani.

Katikati ya Juni aliingia Handeni mtu mmoja mweusi kwa masizi kuliko kwa rangi. Alikuwa mchochea moto wa injini za Korogwe. Wapagazi walimzunguka.

"Korogwe imekwisha," alisema, akiomba maji. "Wamekuja kwa reli ya Mombo. Wilhelmstal kule mlimani nako wameingia."

"Na Tanga?" mtu akauliza.

"Tanga watakwenda kuichukua wakitaka. Nani atawazuia?"

Mjomba alicheka kwa mara ya kwanza tangu Mkalamo. Mwaka 1914 Waingereza walishuka Tanga kwa maelfu, wakapigwa, wakarudi melini. Habari hizo zilizunguka vijiji vyote, pamoja na kisa cha nyuki waliowavamia, na watu wakaamini Mdachi hashindwi. Sasa reli ile iliyomshindisha, iliyoteremsha askari wake kutoka Moshi usiku na mchana kuiokoa Tanga, ilikuwa mikononi mwa adui.

"Unacheka nini, mjomba?" kijana alinong'ona.

"Nacheka sisi. Injini imekufa. Sasa injini ni mimi na wewe."

Hakukosea. Kabla Juni 20 haijaisha Waingereza walikuwa ndani ya Handeni, na safu ya wapagazi ilikuwa imeshatoka kuelekea kusini-magharibi, kwenye mto Lukigura. Wengi walitoroka njiani. Kwa hiyo shaushi aliwafunga wawili wawili kwa kamba shingoni, akatangaza sheria yake: akikosekana mmoja asubuhi, aliyefungwa naye atalipa kwa roho yake.

Lukigura palikuwa na daraja, na juu yake Wadachi walichimba mahandaki kuitazama barabara ya Handeni. Wote walijua adui atakuja kwa barabara hiyo. Bombom ziliwekwa zikielekea huko. Mjomba, kwa kuwa hakuweza tena kutembea na mzigo, alikalishwa kando ya bombom moja apokeze mikanda ya risasi. Kamba yake ilifungwa kwenye gurudumu.

Usiku wa Juni 23 shaushi alimfungua kijana, akampa vibuyu vinne.

"Maji ya mtoni yamechafuka. Panda mlimani, kuna chemchemi. Alfajiri nahesabu. Umesikia?"

"Nimesikia, shaushi."

Alipanda. Chemchemi aliipata karibu na saa tisa usiku. Alikuwa amejaza kibuyu cha tatu aliposikia nyasi zikisuguana, kwa mfululizo, mahali pasipokuwa na upepo. Akalala kifudifudi.

Watu walikuwa wanapita. Hakuna taa, hakuna tumbako, hakuna aliyekohoa. Alihesabu mpaka hesabu ikampotea. Wazungu, halafu Wahindi wenye bunduki, halafu punda na nyumbu waliobeba bombom mgongoni. Hawakuielekea barabara ya Handeni hata kidogo. Walikuwa wanauzunguka mlima watokee nyuma ya daraja.

Mkono ukamkamata shingoni, palepale kamba ilipokuwa imemchubua.

"Usipige kelele," sauti ikasema kwa Kizigua. "Watakuchoma singe kabla hujamaliza."

Aliijua sauti hiyo. Ndiyo iliyomtaja yeye na mjomba wake kwa majina, mbele ya karani wa boma. Jumbe! Kanzu ameivua, amevaa koti la Kiingereza lililompwaya.

Nyuma yake alisimama afisa wa Kizungu. Alisema maneno machache, na jumbe akayageuza.

"Anajua umetoka darajani. Anataka kitu kimoja tu. Bombom ziko wapi?"

"Jumbe, mjomba yuko..."

"Sikuulizi habari za mjomba wako. Ukisema, unaishi, na watu wote hawa wanaishi. Usiposema, watateremka mbele ya risasi, na wewe utatangulizwa."

Mbingu ilikuwa imeanza kupauka. Chini bondeni, tarumbeta ya Wadachi ikalia. Shaushi alikuwa ameanza kuhesabu.

"Moja... mbili..."

Afisa alifungua ramani yake juu ya jiwe, akampa kijana kipande cha kalamu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO