Azimio Ambalo Wagalla Bado Inalidai

Mkazi wa Mukuyuni, Ukambani, anaweza kuuliza wafu wa Wagalla, mbali huko Wajir, wanamhusu nini. Wanamhusu kwa sababu mwenye uwezo wa kuwatambua kwa niaba ya nchi nzima ni Bunge, na humo wamo wabunge waliotumwa na Makueni na Kitui. Februari 1984 vikosi vya serikali viliwakusanya wanaume wa Kisomali wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, vikawaweka juani kwa siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti iliyokabidhiwa Mei 2013, ilisema huenda waliokufa walikaribia 1,000. Manusura wametaja hadi 5,000. Miaka kumi baada ya ripoti hiyo, Bunge lilikuwa halijaipitisha.

Wapo wasemao kwamba Rais aliomba radhi Machi 2015 na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10, basi yatosha. Haitoshi. Radhi ya Rais ni kauli ya kiongozi mmoja, na anayemrithi anaweza kuiacha ipite. Azimio la Bunge la kuwatambua waliouawa huingia katika kumbukumbu zake, na mbunge yeyote wa kesho anaweza kulishika na kuiuliza serikali imetekeleza nini. Wengine wanahofia kwamba azimio litayaita mauaji hayo ya kimbari, na hofu hiyo ina msingi: mkataba wa 1948 kuhusu mauaji ya kimbari unadai ithibitike kuwa kulikuwa na nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake, na hilo ni la mahakama kuamua. Lakini kuwaenzi waliouawa hakungoji hukumu. Desemba 2003 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 7 Aprili kuwakumbuka waliouawa Rwanda. Januari 2018 ndipo ulipoitaja siku hiyo kuwa ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Azimio la kwanza, lile la 2003, ndilo lililoacha mahali pa kusahihisha.

Ukambani wanalijua dai la namna hii. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya ng'ombe wao na kuwauza kwa nguvu, maelfu waliomfuata kiongozi wao Muindi Mbingu hadi Nairobi walikataa majibu ya maofisa wa wilaya, wakataka Gavana mwenyewe awajibu. Familia za Wagalla nazo zinataka jibu la chombo chenye mamlaka: idadi, majina, na kikosi kilichohusika.