Ubao, Juzuu na Daftari: Safari ya Kiarabu katika Vyuo vya Kariakoo

Baada ya sala ya Ijumaa, ukipita mbele ya wauza vitabu wanaotandaza bidhaa zao karibu na misikiti ya Kariakoo, hutakosa kukiona kijitabu chembamba cha Yasini. Ndani yake mna safu mbili: moja ya herufi za Kiarabu, na ya pili ni maneno yale yale yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi. Kijitabu hicho kina wanunuzi wengi. Watu wazima, wenye ndevu zilizokwisha kuingia mvi, hukikunja wakakitia mfukoni na wakaenda nacho matangani, na ifikapo zamu ya kusoma macho yao hukimbilia safu ya pili. Siwacheki. Walakin kila nikionapo kijitabu kile hujiuliza imekuwaje mji huu, ambao ulikuwa na vyuo mtaa baada ya mtaa, ukafika mahali ambapo Muislamu wa makamo haisomi Yasini ila kwa herufi za mishonari na za karani wa serikali.

Wepesi wa kulaumu watasema kosa ni la mwalimu wa chuoni na bakora yake. Mimi naona habari ni ndefu kuliko bakora.

Desturi ya chuo cha zamani tunaijua vyema kwa kalamu ya mwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ameieleza katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mzazi humkabidhi mtoto kwa mwalimu, mtoto huanza herufi, kisha irabu, kisha huingia katika juzuu, akaenda hivyo mpaka akahitimu, na mwalimu akapata hidaya yake. Wengi waliishia hapo. Wachache, aghalabu wenye nyumba za elimu au wenye subira isiyo ya kawaida, ndio walioendelea na fikihi kwa Safina, kitabu kidogo cha Salim bin Sumeir wa Hadhramaut, kisha wakaingia katika nahau na sarufi. Kwa hiyo hata zamani zile neno "kusoma" lilikuwa na maana mbili, nayo ya kwanza, ile ya walio wengi, ilikuwa kutamka.

Tusiidharau hiyo ya kwanza. Mtoto aliyetoka chuoni hakujua Kiarabu, lakini alizimiliki herufi zake, na kwa herufi hizo aliandika Kiswahili chake: barua za biashara, wasia, talaka, dawa, na mashairi. Ni kweli herufi zile hazikutosha sauti zetu. "P", "v", "g" na "ch" zilikuwa taabu, na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alijitahidi kuzitafutia alama. Hata hivyo zilifanya kazi. Tenzi na mashairi ya pwani tunayojivunia yalipita katika mkondo huo. Chuo kilikuwa skuli ya dini, na pasi na kukusudia kikawa pia skuli ya watunzi.

Dola ndiyo iliyokuja kuugeuza mkondo. Wajerumani, walioifanya Dar es Salaam kuwa makao makuu mwaka 1891, mwanzoni hawakuwa na budi kuwaandikia maliwali na maakida kwa herufi za Kiarabu. Halafu skuli zao zikaanza kutoa makarani wa herufi za Kirumi, na haja ile ikapungua. Waingereza waliingia mjini mwaka 1916, na kambi ya wapagazi wao, "Carrier Corps", ikakiachia kitongoji jina la Kariakoo. Serikali yao ilianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923. Mwaka 1925 mkutano wa elimu ulifanyika hapa hapa Dar es Salaam, ambapo suala la Kiswahili kimoja cha skuli lilijadiliwa, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisanifisha. Watunzi hawakukawia kulielewa jambo hilo: anayetaka shairi lake lichapishwe Mambo Leo ataliandika kwa Kirumi. Shaaban Robert, aliyesoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, ni wa kizazi hicho cha mpito.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, palipo fundo. Hakuna aliyepiga marufuku herufi za Kiarabu. Zilikosa soko tu. Kazi ya ukarani, gazeti, hukumu ya mahakama na risiti ya duka vyote vilihamia upande wa pili, na chuo kikabaki na Kurani peke yake. Mtoto akawa anajifunza herufi ambazo hatazitumia popote ila katika ibada. Kisichotumika kila siku husahauliwa, hata kikiwa kitukufu. Na kwa kuwa ruzuku ya serikali ilikwenda kwa skuli zilizofuata mtaala wake, nyingi zikiwa za misheni, chuo cha barazani hakikupata hata chaki.

Wazee wa mji waliliona hilo mapema. Mwaka 1933 waliunda Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na miongoni mwa waliokuwa mbele walikuwamo Kleist Sykes na Mzee bin Sudi. Kleist ni mfano mzuri wa watu wa Kariakoo: mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani, mwajiriwa wa reli, na miaka minne kabla yake mmoja wa waasisi wa African Association. Hakuwa mwanachuoni wa kiarabu wala hakujidai kuwa. Alichotaka yeye na wenzake ni skuli ambayo mtoto wa Kiislamu atapata hesabu na Kiingereza bila ya kuvuliwa dini yake, nao wakaijenga, kwa michango yao, katika eneo la New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Fikra ilikuwa sahihi. Lakini saa za siku ni zile zile, na somo linalotahiniwa ndilo linalopewa asubuhi, wakati akili za watoto zimechangamka. Kiarabu kikasukumwa jioni.

Wakati huo huo yalikuwapo mashindano ya kufasiri. Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alikuwa ametoa tafsiri yake ya Kurani mwaka 1923. Mwaka 1953 Waahmadiyya wakatoa yao huko Nairobi, iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad, na aliyeshiriki katika kazi hiyo ni Kaluta Amri Abedi, yule yule wa Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam. Masheikh wa Kisunni wakaona hawawezi kunyamaza. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja akaikamilisha Qurani Takatifu, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mwenye gazeti la Al-Islah la mwaka 1932, alikuwa amekwisha kutangulia kuhimiza watu waelezwe dini kwa lugha wanayoifahamu. Hii ilikuwa rehema kubwa. Nami nasema, kwa kusitasita, kwamba rehema hiyo ilikuwa na gharama: aliyekwisha kuipata maana kwa Kiswahili hakuiona tena sababu ya kuhangaika na nahau.

Elimu ya juu ilibakia kwa watu kama Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni wa Zanzibar na khalifa wa Qadiriyya, aliyesomesha Dar es Salaam kwa miaka mingi na kuheshimiwa kama mufti wa Tanganyika. Mwaka 1968 alikamatwa na kurudishwa Zanzibar. Mwishoni mwa mwaka huo huo serikali iliifunga EAMWS, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1945 na iliyokuwa ikijenga skuli za Kiislamu Afrika Mashariki, na BAKWATA ikaundwa. Sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilifungua njia ya kutaifisha skuli za binafsi, za misheni na za Waislamu kwa pamoja. Wapo wanaoyasoma matukio hayo kuwa ni njama, na wapo wanaoyasoma kuwa ni siasa ya umoja wa taifa. Mimi hapa natazama jambo dogo zaidi: darsa ya sheikh haina cheti wala faili. Akiondoka yeye, na darsa imeondoka.

Miaka ya 1970 vijana wa Warsha ya Waandishi wa Kiislamu, wakifanya kazi pamoja na mwalimu wa hisabati kutoka Pakistani, Mohammed Hussein Malik, walianza kuandika vitabu na mihutasari ya somo la dini kwa Kiswahili safi, hata walipogombana na BAKWATA mwanzoni mwa miaka ya 1980. Somo liliingia katika mitihani. Vitabu vyao vilimfunza mtoto kufikiri, jambo ambalo chuo kilikuwa kikilichelewesha. Lakini navyo vilikuwa vya Kiswahili. Upande wa pili wakarejea waliosoma Madina, Misri na Sudan, wenye Kiarabu fasaha kuliko walimu wao wa utotoni, na baadhi yao wakaanza kuyapinga maulidi na dufu. Ghafla ufasaha ukawa alama ya kundi. Nimemsikia mzee mmoja akimkataza mjukuu wake darsa ya nahau kwa kuchelea asije "akabadilika". Sijui hasara iliyo kubwa kuliko hiyo.

Kuna sababu nyingine ambayo haimo katika vitabu, nayo ni matofali. Chuo cha Kariakoo kilikaa katika nyumba ya Kiswahili, barazani au uani mwa mwalimu, bila ya kodi. Nyumba hizo zimeuzwa na kubomolewa, yamepanda maghorofa ya maduka, na mwalimu ameondoka na mikeka yake kuelekea Mbagala na Gongo la Mboto. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umekiweka Kiarabu miongoni mwa lugha za hiari katika skuli. Ni jambo jema, iwapo atapatikana wa kukisomesha. Na mwalimu mwenyewe yuko huko alikohamia, akilipwa kwa sadaka ya wazazi.

Mwaka jana jirani yangu aliniletea daftari la marehemu bibi yake, lililoliwa na mchwa pembeni, akidhani ni azima. Mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, aliyekwisha kuhitimu Kurani, alikuwapo. Nikamwambia asome. Akasita kwa kuwa mahali pengi irabu zilikosekana, kisha akaanza kuzitamka herufi moja moja kwa lahani ya juzuu, kama afanyavyo chuoni. Mstari wa tatu akanyamaza, akanitazama.

"Babu," akasema, "mbona hiki ni Kiswahili?"

Lilikuwa shairi la harusi. Tulilimaliza baada ya Magharibi.